Daftari Kama Shahidi: Hadithi ya Mhasibu Mpelelezi Katika Ufundishaji wa Kiswahili na Hesabu

Utangulizi

Mtu anapouawa, kila jamii huuliza swali moja: ni nani aliyemwua? Zinazotofautiana ni njia za kulijibu swali hilo. Katika sehemu za Shinyanga na Geita zimepata kutumika njia tatu, na wanafunzi wetu wanazijua zote. Ya kwanza ni ramli, ambapo mganga humtaja au humdokeza mkosaji bila kuulizwa amejuaje. Ya pili ni kipigo, ambapo mtuhumiwa huteswa mpaka akubali lile wanalotaka watesaji wake. Ya tatu ni ushahidi, ambapo kila dai huulizwa limesimama juu ya nini, na lisiposimama huachwa.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa Kiswahili, akishirikiana na mwenzake wa Hisabati au wa Utunzaji wa Hesabu, anavyoweza kuitumia hadithi ya upelelezi ili kumzoeza mwanafunzi njia hiyo ya tatu. Tutashughulika hasa na aina moja ya hadithi hizo, yaani ile ambayo mpelelezi wake ni mhasibu. Dai letu ni kwamba hadithi ya namna hii ni zana ya kufundishia kupima madai, na kwamba zana hiyo inahitajika zaidi katika mikoa ambayo dai lisilopimwa limekwisha kuangamiza watu wengi.

1. Uzito wa jambo lenyewe katika mikoa yetu

Walimu wanaofanya kazi Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita hawana haja ya kuambiwa kwamba wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi. Aghalabu mambo huanza na msiba wa kawaida: mtoto amekufa kwa homa, au ng'ombe wamekufa zizini. Wafiwa huenda kwa mpiga ramli, naye huwaelekeza kwa jirani au kwa ndugu aliye mzee. Macho mekundu hutajwa kuwa ndiyo alama. Kumbe macho hayo yana sababu iliyo wazi. Katika nchi yenye upungufu wa kuni, mama aliyepika kwa miaka hamsini akitumia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, hawezi kuwa na macho meupe.

Nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi pana jambo jingine ambalo halisemwi: shamba linalogombewa, ng'ombe wa urithi, au deni lisilolipwa. Kwa maneno mengine, pana hesabu. Mpiga ramli huificha hesabu hiyo, na wanaofaidika hufurahi ifichwe. Kisukuma chenyewe humtofautisha nfumu, yaani mganga, na nogi, yaani mchawi. Lakini nfumu anapoacha kutibu na kuanza kutaja majina, ulimi wake huwa silaha mikononi mwa mwenye kutamani shamba la mwenzake.

Njia ya pili nayo imeacha historia ya kusikitisha. Mwaka 1976 Serikali iliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kuyakomesha mauaji hayo. Lengo lilikuwa jema, lakini watuhumiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia kizuizini. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 akibeba dhamana ya jambo ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Mwaka 1985 alikuja kuwa Rais wa nchi. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake swali moja juu ya tukio hilo: ikiwa mtu amekiri kwa sababu ya maumivu, tumejua nini? Tumejua kwamba aliumia. Juu ya mauaji yenyewe hatujajua lolote.

Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa katika Kanda ya Ziwa. Waganga waliwadanganya watu kwamba viungo vya binadamu huvuta utajiri, na wachimbaji wa dhahabu na wavuvi wametajwa mara kwa mara miongoni mwa walioamini uongo huo. Septemba 2009 Mahakama Kuu, iliyokaa Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Geita. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini, nayo ilipatikana mahakamani, mahali ambapo maneno ya kila upande hupimwa.

Mwanafunzi anayekua katika mazingira hayo atakuja kuwa mzee wa baraza, mgambo, karani, mchimbaji, au mfiwa. Siku itakapofika ya kuambiwa, "Fulani ndiye," atafanya nini? Hilo ndilo swali ambalo somo letu linamwandalia.

2. Mpelelezi katika riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Mwaka 1960 East African Literature Bureau ilichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichokuwa kimeshinda katika shindano la uandishi la 1957/58. Katika kitabu hicho maiti inaonekana mahali pa mizimu, na kwa watu wengi jibu limekwisha kupatikana kabla ya swali kuulizwa. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, hatosheki na jibu hilo. Huuliza maswali ya kibinadamu: nani, lini, kwa njia gani, na kwa faida ya nani. Mwandishi huyo aliendelea na mfululizo wa vitabu juu ya Bwana Msa, kikiwamo Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Jina Giningi katika masimulizi ya Unguja ni la makao ya wachawi, na kwa hiyo tunaona tena jinsi mwandishi alivyopenda kuiweka akili mahali penye hofu.

Baada yake walifuata wengine upande wa Bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, ambamo Inspekta Wingo ndiye anayefuatilia mauaji. A. E. Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974. Ben Mtobwa naye alimwunda Joram Kiango, ambaye vijana wa miaka ya 1980 walimsoma mpaka kurasa zikachanika.

Wahakiki wengi waliziweka riwaya hizi katika fungu la riwaya pendwa, na baadhi yao walilitamka jina hilo kwa dharau. Hatukatai kwamba baadhi zina mapigano mengi kuliko fikra. Lakini mwalimu hana budi kutofautisha. Mpelelezi anayeshinda kwa bastola hamfundishi mwanafunzi kupima madai. Yule anayeshinda kwa kuuliza na kulinganisha humfundisha sana. Kwa shabaha yetu, Bwana Msa ana faida zaidi darasani kuliko Willy Gamba, ingawa huenda wanafunzi wakampenda zaidi Willy Gamba.

Yafaa tuone pia kwamba miongoni mwa wapelelezi hawa mashuhuri hakuna aliye mhasibu. Hapo pana nafasi ambayo darasa letu linaweza kuijaza.

3. Mhasibu mpelelezi

Nchi za nje zimekwisha kumtumia mpelelezi wa namna hiyo. Mwaka 1941 David Dodge, Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa mhasibu, alitoa riwaya iitwayo Death and Taxes. Mhusika wake mkuu, Whit Whitney, ni mhasibu wa kodi wa San Francisco ambaye mwenzake wa kazi anauawa, naye huitafuta sababu katika shughuli za kodi walizokuwa wakizishughulikia. Dodge aliandika vitabu vingine vitatu juu ya mhusika huyo. Katika miaka ya karibuni Ian Hamilton wa Canada ameandika mfululizo mrefu juu ya Ava Lee, mwanamke wa Toronto ambaye kazi yake ni kufuatilia fedha zilizoibwa. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2011.

Hadithi hizi zina mzizi katika mambo ya kweli. Katika mji wa Chicago, miaka ya 1920, Al Capone alijulikana na watu wote kuwa ni kiongozi wa genge la wauaji, lakini hakuna mahakama iliyoweza kumtia hatiani kwa mauaji. Mashahidi waliogopa. Frank Wilson, mchunguzi wa idara ya kodi, alipekua makaratasi mengi mpaka akakuta daftari la nyumba ya kamari lenye kuonyesha mgawanyo wa faida. Mwandiko uliomo ulisaidia kumpata karani aliyeliandika. Oktoba 1931 Capone alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi, akafungwa miaka 11. Hapa petu nako, ukaguzi wa hesabu ndio uliofichua malipo yasiyo halali ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, na matokeo yake yakatangazwa Januari 2008.

Mwalimu anaweza kuifupisha kazi ya mhasibu mpelelezi katika kanuni tatu, akaziandika ubaoni:

(a) Kitu kilichotoka mahali hakina budi kuwa kimeingia mahali pengine.

(b) Maandishi ya watu wawili wasioshauriana yanapopatana, yana nguvu. Yasipopatana, mahali yanapoachana ndipo pa kuchunguza.

(c) Hesabu huonyesha aliyepata nafasi na aliyepata faida. Peke yake haimwonyeshi aliyeua.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, nasi tutairudia.

4. Zoezi: daftari la duara

Wanafunzi wengi wa ukanda wa dhahabu wanalijua daftari kabla ya kulisoma darasani. Wazazi au kaka zao wanafanya kazi katika maduara ya wachimbaji wadogo. Mawe hutolewa shimoni, hufungwa katika mifuko, hupelekwa kwenye karasha kusagwa, kisha dhahabu hukamatwa na kuuzwa. Fedha hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara, anayegharimia chakula na vifaa, na wachimbaji wenyewe, kwa viwango vinavyotofautiana mahali na mahali. Katika safari hiyo yote mchimbaji hulindwa na daftari. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, likifuatwa na masoko mengine, muuzaji anayepitia sokoni hupata maandishi ya uzito na bei. Kwa hiyo zana ya somo letu imo mlangoni mwa shule.

Tumetunga kisa kifupi kifuatacho kwa ajili ya kidato cha pili au cha tatu. Si kisa cha kweli, na watu wake hawana majina.

Asubuhi ya siku ya mgao, karani wa duara anakutwa amekufa chini ya shimo. Kamba ya kushukia imekatika. Kambini watu wanagawanyika. Wengine wanasema duara limeomba damu. Wengine wanamtaja bibi mmoja mwuza uji, ambaye juzi aligombana na karani juu ya deni la shilingi elfu nne. Vijana watano wanachanga fedha ili waende kupiga ramli. Polisi wanafika, na kwa kuwa karani alikuwa mtunza daftari, wanamwomba mhasibu wa chama cha ushirika awasaidie. Mhasibu haulizi juu ya bibi wala juu ya mizimu. Anaomba apewe daftari la duara, daftari la karasha, na stakabadhi za mauzo, kisha anaandika hivi:

Wiki ya 1: mifuko iliyotoka shimoni 40, iliyosagwa 40, dhahabu iliyouzwa gramu 32, msindikizaji wa mzigo: karani.

Wiki ya 2: mifuko iliyotoka 45; iliyosagwa 45; dhahabu gramu 36; msindikizaji: karani.

Wiki ya 3: mifuko iliyotoka 50, iliyosagwa 38, dhahabu gramu 30.4, msindikizaji: msimamizi.

Wiki ya 4: mifuko iliyotoka 60, iliyosagwa 45, dhahabu gramu 36, msindikizaji: msimamizi.

Dereva wa gari alikuwa yule yule katika wiki zote nne. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari la duara, karani aliandika kwa penseli: "27?"

Mpaka hapo kisa kinasimama, na darasa linaanza kazi.

5. Hatua za somo

Somo hili linahitaji vipindi vitatu. Zana ni ubao, chaki, na nakala za kisa, nakala moja kwa wanafunzi wanne.

Kipindi cha kwanza: kusoma na kutenga. Wanafunzi wasome kisa, kisha waorodheshe sentensi zake katika mafungu mawili: yaliyoonekana na yaliyosemwa. Kwamba karani amekufa ni jambo lililoonekana. Kwamba duara limeomba damu ni jambo lililosemwa. Je, "kamba imekatika" na "kamba imekatwa" ni maneno yenye maana moja? Hapa mwalimu wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kufundisha minyambuliko ya vitenzi. Kauli ya kutendwa humdai mtendaji, na kauli ya kutendeka haimdai. Kisa kimetumia "imekatika" kwa makusudi, na mwanafunzi anayeandika "imekatwa" ameongeza shahidi ambaye hayupo. Mara nyingi hukumu mbaya huanza na kiambishi kilichobadilishwa bila mtu kuangalia.

Kipindi cha pili: kukokotoa. Wanafunzi watafute jumla. Mifuko iliyotoka ni 195 na iliyosagwa ni 168, kwa hiyo tofauti ni mifuko 27. Alama ya karani imefumbuka. Kisha wagawanye gramu kwa mifuko iliyosagwa katika kila wiki. Watapata gramu 0.8 kwa kila mfuko katika wiki zote nne. Mwalimu asiwaharakishe wanafunzi mahali hapa, maana hapa ndipo akili inapofanya kazi yake. Kama dhahabu ingekuwa imeibwa baada ya mawe kusagwa na kuandikwa, wastani huo ungeshuka. Haukushuka. Basi kilichopotea ni mifuko yenyewe, nayo ilipotea kabla haijaandikwa karashani. Mifuko 27 kwa gramu 0.8 ni gramu 21.6. Tukichukua bei ya shilingi 100,000 kwa gramu, kwa wepesi wa hesabu tu, thamani yake ni shilingi 2,160,000. Wanafunzi waiweke fedha hiyo kando ya deni la uji la shilingi 4,000, nao wataona wenyewe ni wapi penye sababu nzito zaidi. Mwalimu aeleze pia kwamba katika maisha mawe hayalingani hivyo, na wastani hupanda na kushuka. Tumezinyoosha tarakimu ili njia ionekane.

Hapo wanafunzi wengi watataka kumkamata mwenye karasha. Watasema alipokea mifuko 50 akaandika 38, akaisaga 12 kwa faida yake. Dai hilo ni la akili na halifai kudharauliwa, kwa sababu tarakimu tulizo nazo hazilikanushi. Mwalimu aulize: ni maandishi gani mengine yangetuwezesha kujua? Baada ya majadiliano atoe karatasi ya pili, yenye stakabadhi za dizeli iliyotumiwa na karasha kwa kazi ya duara hilo: wiki ya 1 lita 20, wiki ya 2 lita 22.5, wiki ya 3 lita 19, na wiki ya 4 lita 22.5. Wanafunzi wakigawanya watapata nusu lita kwa kila mfuko ulioandikwa, wiki zote. Mashine ingesaga mifuko 50 katika wiki ya tatu, ingekunywa lita 25. Basi mifuko iliyopungua haikusagwa pale. Mwenye karasha, ambaye dakika kumi zilizopita darasa zima lilikuwa tayari kumfunga, sasa ametoka katika orodha. Mwalimu anyamaze kidogo ili jambo hilo liwaingie. Wao wenyewe, bila kwenda kwa mganga, walikuwa karibu kumwonea mtu.

Kipindi cha tatu: mipaka ya ushahidi, na uandishi. Wamebaki wawili waliokuwa na mzigo njiani katika wiki za upungufu, yaani dereva na msimamizi. Wanafunzi waandike sentensi tatu zinazoanza na "Daftari linathibitisha kwamba", na sentensi tatu zinazoanza na "Daftari halithibitishi kwamba". Katika fungu la pili hatuna budi kuona maneno kama haya: daftari halithibitishi kwamba karani aliuawa, maana huenda kamba ilichakaa, halithibitishi ni yupi kati ya wawili hao aliyechukua mifuko, halithibitishi kwamba aliyeiba ndiye aliyeua. Hii ndiyo kanuni ya tatu. Mwanafunzi asiyeishika atakuwa ameibadili ramli ya mganga kwa ramli ya tarakimu, na mtu asiye na hatia ataumia vile vile.

Kazi ya nyumbani ni kuandika sura ya mwisho ya hadithi, kurasa mbili, kwa masharti manne. Kila dai la mpelelezi liwe na shahidi au kielelezo kilichotajwa. Hairuhusiwi mtuhumiwa kukiri kwa kupigwa, kwa kuoteshwa, wala kwa kutajwa na mganga. Mwuza uji asisahauliwe, bali msomaji aonyeshwe jinsi jina lake lilivyosafishwa mbele ya watu wale wale waliomtaja. Mwisho, ikiwa ushahidi hautoshi, mwandishi ana ruhusa ya kuimaliza hadithi bila kumpata mwuaji, almuradi aeleze ni ushahidi gani unaokosekana. Sharti hili la mwisho huwashangaza wanafunzi, kwani wamezoea kwamba hadithi ya upelelezi lazima imalizike kwa pingu. Yafaa wajue kwamba jaji mwema humwachia mtu ambaye hatia yake haikuthibitishwa, na kwamba kufanya hivyo si udhaifu.

Katika kusahihisha, tunapendekeza alama 20: alama 8 za mantiki ya ushahidi, 6 za lugha, 4 za mpangilio wa masimulizi, na 2 za usahihi wa hesabu. Alama za hesabu ni chache kwa sababu hesabu zenyewe ni nyepesi, na ugumu wa kazi umo katika kujua zinasema nini.

6. Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu asitumie kifo kilichotokea katika kijiji au machimbo ya jirani, hata kama wanafunzi wenyewe watakitaja. Darasani huenda ameketi mjukuu wa bibi aliyeuawa, na karibu yake mtoto wa mtu aliyeshtakiwa. Kisa cha kubuni kinawawezesha wote wawili kufikiri bila kujitetea.

Pili, asiigeuze saa ya somo kuwa mahubiri dhidi ya imani za wazee. Mwanafunzi anayehisi kwamba kwao kunadharauliwa hufunga masikio. Hakuna haja ya kubishana kama uchawi upo au haupo. Swali la darasa ni jepesi zaidi, na ni gumu zaidi kulikwepa: aliyetaja jina amejuaje? Swali hilo linawafaa mganga, polisi, mhasibu na mwalimu mwenyewe kwa kipimo kimoja.

Tatu, dhahabu isisimuliwe kwa namna ya kuwavuta watoto kwenda machimboni. Shule zetu zimekwisha kupoteza wanafunzi wengi huko. Mkazo uwe juu ya daftari na haki ya mgao, na mwalimu anaweza kuongeza kwamba mchimbaji asiyejua kusoma daftari lake huibiwa kila wiki bila mtu yeyote kuuawa.

Nne, mahali pasipo machimbo kisa kinaweza kubadilishwa kwa urahisi. Chama cha msingi cha pamba kinafaa sana: kilo zilizopimwa kwa mkulima, kilo zilizopokewa ghalani, na kilo zilizofika kwenye kinu cha kuchambulia. Kanuni ni zile zile tatu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya mhasibu mpelelezi inaweza kuyaunganisha masomo mawili ambayo kwa kawaida hayasalimiani, Kiswahili na Hesabu, na kwamba muungano huo una kazi maalumu katika mikoa yetu. Mwanafunzi hatatokea hapo kuwa mpelelezi. Tutaridhika akitoka na tabia mbili: ya kuuliza, "Umejuaje?" kabla hajaunyanyua mkono, na ya kukubali kusema, "Sijajua bado," wenzake wote wanapopiga kelele kwamba wamejua. Tungependa walimu watakaolijaribu somo hili walipanue kwa visa vya mazingira yao, na hasa kwa sura za mwisho zitakazoandikwa na wanafunzi wao.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Eleza tofauti kati ya ushahidi wa sababu na ushahidi wa tendo, ukitumia kisa cha duara.

2. Chagua riwaya moja ya upelelezi ya Kiswahili. Je, mpelelezi wake anashinda kwa nguvu, kwa bahati, au kwa kupima madai? Toa mifano.

3. Andaa kisa cha ukurasa mmoja kinachotumia daftari la chama cha msingi, la duka, au la zahanati, pamoja na karatasi ya pili itakayomwondolea tuhuma mtu ambaye wanafunzi watakuwa wa kwanza kumshuku.